Cairati: Mtaliano aliyechora mwili wa Ngome ya Yesu

KWA msafiri atokaye Likoni kwa feri, atokaye Kisauni kwa Daraja la Nyali au atokaye Changamwe kwa njia ya Makupa, Mombasa ni kisiwa kisichofikika bila kuvuka maji. Zaidi ya karne nne zilizopita, mhandisi mmoja wa Kiitaliano aliitafakari hali hiyo hiyo ya nchi na maji, akashika kalamu, rula na bikari, akachora ramani ya jengo ambalo lingetoa jawabu kwa swali gumu la zama zake: nani atakayeutawala mlango wa bahari wa Mvita?

Mtu huyo ni Giovanni Battista Cairati, ambaye Wareno walizoea kumwita João Baptista Cairato. Jengo lake ni Ngome ya Yesu. Mamilioni ya watu wamepita chini ya kuta zake, wakiwemo wanafunzi wanaoletwa na walimu wao kutoka bara kila mwaka, lakini ni wachache wanaolitambua jina la aliyeichora. Wanaotajwa katika historia ya ngome hiyo ni wafalme, makapteni, masultani na magavana. Aliyeuwaza umbo lake kabla jiwe la kwanza halijawekwa amebaki kivulini.

Hata hivyo, kuna jambo katika mchoro wa Cairati linalostahili kuangaliwa upya. Ukitazamwa kutoka angani, mpango wa ngome unafanana na mtu aliyelala chali. Sehemu inayochomoza upande wa bahari ni kama kichwa, ua wa katikati ni kama kiwiliwili, na buruji nne za pembeni ni mikono na miguu. Mwili huo ukapewa jina la Yesu. Ili kulielewa wazo hilo, sharti kurejea Italia alikotoka mchoraji wake.

Mwana wa Milano

Cairati alikuwa mtu wa Milano, mji wa kaskazini mwa Italia ambao tangu 1535 ulikuwa chini ya himaya ya Hispania. Alikulia katika enzi ambayo wanahistoria huiita Mwamko, yaani karne ya 15 na ya 16, wakati wasanii na wanazuoni wa Italia walipoigeukia upya elimu ya Wagiriki na Warumi wa kale.

Katika enzi hiyo hapakuwa na ukuta mrefu kati ya mchoraji wa picha takatifu na mchoraji wa ngome. Mkono uliotayarisha mchoro wa Bikira Maria na mtoto wake ndio uliochora pia mahandaki na mizinga. Leonardo da Vinci, aliyechora Karamu ya Mwisho ukutani mwa nyumba ya watawa katika mji huo huo wa Milano, alikuwa mhandisi wa vita wa Cesare Borgia mwaka 1502. Michelangelo, aliyepamba dari la kanisa dogo la Sistina huko Vatikani, alichora mipango ya kuimarisha kuta za Firenze mnamo 1528 na 1529, mji wake ulipokabiliwa na hatari ya kuzingirwa.

Hofu ndiyo iliyowasukuma wasanii kwenye kazi hiyo. Mwaka 1494 majeshi ya Ufaransa yaliingia Italia na mizinga ya kisasa, na kuta ndefu nyembamba zilizokuwa zimeilinda miji kwa karne nyingi zikaporomoka kama udongo mkavu. Wataliano wakalazimika kubuni ngome ya aina mpya: kuta fupi kidogo lakini nene, zenye mteremko wa kupunguza nguvu ya risasi za mizinga, na buruji zenye pembe badala ya minara ya mviringo. Mnara wa mviringo ulikuwa na aibu yake: adui akifika chini yake, walinzi wa juu hawakuweza kumwona wala kumpiga. Buruji yenye pembe iliondoa maficho hayo, kwa kuwa kila buruji iliweza kuusafisha kwa mizinga uso wa buruji jirani.

Elimu hiyo ikawa bidhaa ya thamani. Wafalme wa Ulaya waliwatafuta wahandisi wa Kiitaliano kama ambavyo leo serikali hutafuta wataalamu wa mitambo. Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania, alipokitwaa pia kiti cha enzi cha Ureno mwaka 1580, alijikuta mmiliki wa mlolongo wa vituo vya biashara na ngome kuukuu kuanzia Msumbiji hadi Malaka. Mwaka 1583 alimpeleka Cairati India awe msanifu mkuu wa majengo ya Wareno katika eneo lote hilo.

Makao yake yalikuwa Goa. Kutoka hapo kazi yake ilikuwa kukagua, kupima, kuchora na kushauri. Jina lake linahusishwa na kazi za ngome huko Malaka, Hormuz, Maskati, Bassein na Daman. Ni duara kubwa la bahari, na wakati huo safari zake zilitegemea upepo wa kusi na wa kaskazi. Mombasa ingekuwa kazi yake kubwa ya mwisho.

Mtu ndani ya mchoro

Wazo la kuufanya mwili wa binadamu kuwa kipimo cha jengo halikuanzia kwa Cairati. Vitruvius, msanifu Mrumi aliyeishi karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kuwa hekalu zuri sharti viungo vyake viwiane kama vinavyowiana viungo vya mtu. Leonardo alilipa wazo hilo umbo lake maarufu mnamo 1490, alipochora mtu aliyenyoosha mikono na miguu ndani ya duara na mraba.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Francesco di Giorgio Martini, mchoraji na mhandisi wa Siena aliyefariki mwaka 1501, alichora kijana aliyesimama huku mji mzima ukiwa umefumwa mwilini mwake. Kichwani amevikwa ngome, kifuani amebeba kanisa, na kwenye viwiko na miguu kuna minara. Ujumbe ulikuwa wazi: mji ni mwili, na ngome ni kichwa chenye macho ya kuona hatari kabla haijafika.

Mwanasiena mwingine, Pietro Cataneo, alichapisha mwaka 1554 kitabu cha usanifu ambamo alishauri kwamba kanisa kuu la mji lijengwe kwa umbo la msalaba, kwa kuufuata mwili wa Kristo aliyesulubiwa. Wataalamu wengi wanaamini kuwa mafundisho ya Cataneo yaliathiri fikra za Cairati. Ndiyo maana mpango wa Ngome ya Yesu unaweza kusomwa kwa namna mbili. Kwa askari, ni hesabu ya pembe na masafa ya mizinga. Kwa mwanafunzi wa Mwamko, ni mwili ulioamini kuwa uwiano kamili ni alama ya Muumba.

Kwa nini Mombasa

Tangu Vasco da Gama alipotia nanga mwaka 1498, Mombasa haikuwahi kuwakubali Wareno kwa moyo mweupe. Waliuchoma mji mwaka 1505 na kuurudia mwaka 1528, lakini kila walipoondoka wenyeji waliujenga upya. Rafiki wao pwani hii alikuwa mtawala wa Malindi, na huko ndiko alikokaa kapteni wao.

Mambo yalibadilika Mir Ali Bey, kamanda wa Kituruki, alipofika mara mbili katika miaka ya 1580 na kukaribishwa na miji ya Waswahili iliyochoshwa na Wareno. Mwaka 1589 meli za kivita kutoka Goa zilimkuta Mombasa. Wakati huo huo, ng'ambo ya kivuko cha Makupa, upande wa bara ambao leo ni Changamwe, walikuwa wamepiga kambi Wazimba, kundi la wapiganaji waliokuwa wakipanda kutoka kusini na kuacha maafa nyuma yao. Mji ukajikuta kati ya moto wa baharini na mikuki ya bara. Wazimba wakavuka, watu wengi wakauawa, na Mir Ali Bey akatekwa na kupelekwa Ureno.

Miaka michache baadaye mtawala wa Malindi alihamishiwa Mombasa, na Wareno wakamfuata. Funzo walilolipata lilikuwa la kijiografia. Mombasa hushambuliwa kutoka baharini na kutoka bara, na anayetaka kukaa hapo sharti awe na mahali pasipotegemea hisani ya upande wowote. Mahali palipochaguliwa palikuwa mwamba wa matumbawe ukingoni mwa mlango wa bandari ya kale, ukitazamana na ufuo wa bara la Kisauni. Kila meli iliyoingia ilipaswa kupita mbele ya mizinga.

Ngome iliwekwa wakfu tarehe 11 Aprili 1593. Siku hiyo ilikuwa Jumapili ya Matawi, sikukuu ambayo Wakristo hukumbuka Yesu alivyoingia Yerusalemu. Wareno, waliosafiri chini ya bendera yenye msalaba wa Shirika la Kristo, waliiita Ngome ya Yesu ya Mombasa.

Kutoka karatasi hadi mwamba

Kuugeuza mchoro kuwa jengo kulihitaji mikono mingi. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Gaspar Rodrigues. Waashi waliletwa kutoka India, na wenyeji wa pwani wakatoa jasho la kuchonga, kubeba na kuchanganya chokaa. Mwamba wenyewe ulichongwa ukawa msingi na sehemu ya ukuta. Upande wa nchi kavu likachimbwa handaki kavu. Hivyo mchoro uliozaliwa kwa wino na hesabu za Kiitaliano ulipata nyama ya matumbawe ya Uswahilini.

Buruji nne zilipewa majina ya watakatifu: Filipo, Alberto, Mathia na Mathayo. Lakini nyuma ya kila mtakatifu alijificha mkubwa wa dunia. Filipo alikuwa mfalme mwenyewe. Alberto alikuwa kardinali wa ukoo wa kifalme wa Austria aliyeitawala Ureno kwa niaba ya mfalme. Mathia alimheshimu Matias de Albuquerque, makamu wa mfalme huko India. Mathayo alikuwa wajina wa Mateus Mendes de Vasconcelos, kapteni aliyesimamia uzinduzi. Kwa hiyo mwili uliitwa kwa jina la Mwokozi, huku viungo vyake vikigawiwa wakubwa. Msanifu hakuachiwa hata pembe moja.

Cairati alifariki Goa mwaka 1596, miaka 13 baada ya kutumwa India. Kazi za Mombasa zilikuwa bado zinaendelea.

Mwili wajaribiwa

Maisha ya msanifu huendelea katika kazi yake, na ya Cairati yaliendelea kwa vishindo. Mwaka 1614 Sultani Hassan wa Mombasa aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na huko akauawa kwa hila za Wareno. Mwanawe, Yusuf, alichukuliwa Goa akiwa mtoto, akalelewa na watawa wa Shirika la Mtakatifu Agostino na kubatizwa Jerónimo Chingulia. Alirudi kuwa mfalme mwaka 1626, akiwa Mkristo kwa jina na yatima kwa kumbukumbu.

Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kama mtu wa nyumbani, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Katika siku zilizofuata Wareno na Wakristo wa mji wakauawa. Hakuna buruji iliyobomolewa. Pembe zote za Cairati zilikuwa timamu, ila hazikuchorwa kumzuia anayepita mlangoni kwa salamu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Uthabiti wa mchoro ulidhihirika mwaka uliofuata. Kikosi kikubwa cha meli kilitoka Goa kuja kuikomboa ngome, kikapigana kwa wiki kadhaa na kurudi mikono mitupu. Wareno walishindwa na ukuta waliojijengea wenyewe. Walirejea tu baada ya Yusuf kuamua kuondoka mwaka 1632.

Mtihani mkubwa zaidi ulianza tarehe 13 Machi 1696, majeshi ya Omani yalipoizingira ngome. Ndani walikuwamo Wareno wapatao 50 na mamia ya wenyeji, wakiwemo Waswahili wa Faza waliobaki waaminifu kwao. Mzingiro ulidumu miezi 33. Tauni iliingia ambamo Waomani walishindwa kuingia. Meli ya Santo António de Tanná, iliyokuja kutoa msaada, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na mabaki yake yakaja kuchunguzwa na wataalamu wa mambo ya kale baada ya karne karibu tatu. Waomani walipopanda ukuta tarehe 13 Desemba 1698, waliokuwa bado hai ndani walikuwa wachache mno hata kuzilinda buruji zote. Siku chache baadaye meli nyingine za msaada zilifika na kuikuta bendera nyekundu ikipepea.

Mwaka 1728 Wareno waliirudia ngome kwa kuwa askari wa ndani walikuwa wamegombana, nao wakaipoteza mwaka 1729 kwa sababu wenyeji waliwainukia na chakula kikawaishia. Baadaye ikawa makao ya Wamazrui, hadi Seyyid Said alipoitwaa mwaka 1837. Mwaka 1875 akida Muhammad bin Abdallah alipomwasi Sultani Barghash, manowari mbili za Uingereza ziliipiga ngome kwa mabomu hadi akasalimu amri. Kufikia hapo sayansi ya mizinga ilikuwa imeipita elimu ya 1593.

Ukiyapanga matukio hayo pamoja, jambo moja linajitokeza. Kwa zaidi ya karne mbili na nusu, mchoro wa Cairati haukushindwa na mizinga. Ulishindwa na usaliti, njaa, maradhi na ugomvi wa ndani, mambo yanayouangusha mwili wowote hata ukiwa na viungo vilivyowiana namna gani. Watu wa bara, ambao Wareno walilazimika kuwapa vitambaa ili wapate amani na chakula, walilijua hilo mapema: ngome isiyokula haipigani.

Michoro ya makaa

Ndani ya ngome hiyo kuna michoro mingine isiyo na uhusiano na bikari ya Milano. Askari na mabaharia wa Kireno waliokuwa wakilinda zamu katika buruji ya Mathayo walichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Walichora meli, makanisa, watu na wanyama. Hapana uwiano wala hesabu. Kuna kiu ya kwao tu, na pengine sala ya mtu asiyejua kama ataiona tena bandari aliyotokea. Michoro hiyo iliondolewa mahali pake na imehifadhiwa papo hapo ngomeni.

Mtu akiitazama baada ya kuujua mpango wa Cairati, huziona pande mbili za enzi moja. Mchoro wa msanifu ulimwona binadamu kama kipimo cha ulimwengu. Mchoro wa askari ulimwonyesha binadamu huyo huyo akiwa na homa, njaa na upweke ndani ya kuta zilizochorwa kwa ajili ya utukufu wake. Mkosoaji hawezi kusema ni upi ulio wa kweli zaidi.

Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na mwili ulioitwa kwa jina la Mwokozi ukawa pingu kwa wenyeji wa nchi. Kisha, kwa msaada wa fedha kutoka Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, ulikarabatiwa na kufunguliwa kuwa makavazi mwaka 1962. Mwaka 2011 UNESCO iliuingiza katika orodha ya turathi za dunia, ikiutaja kuwa miongoni mwa mifano bora zaidi ya ngome za Kireno za karne ya 16 na ikikumbusha kuwa umbo lake latokana na imani ya Mwamko juu ya uwiano wa mwili wa binadamu. Kwa namna hiyo, fikra za Cairati zilitambuliwa rasmi miaka 415 baada ya kifo chake.

Adui wa sasa ni bahari. Mawimbi yamekuwa yakiula mwamba chini ya ngome, upande ule ule ambao mchoro uliuweka kichwa, na serikali ikalazimika kujenga ukuta wa kuyazuia. Hatari hiyo haikuwa na kapteni wala bendera, na haikuwamo katika vitabu vya Vitruvius wala Cataneo.

Giovanni Battista Cairati alitumikia dola iliyokuja kutawala kwa nguvu, na haitakuwa haki kuisahau damu iliyomwagika kwa ajili ya jengo lake. Lakini haitakuwa haki pia kuutazama mwamba ule kana kwamba ulijichonga wenyewe. Mikono ya India na ya pwani ndiyo iliyoujenga, wenyeji ndio walioupigania na kufungwa ndani yake, na hatimaye wao ndio waliourithi. Mfalme aliyeuagiza hana tena hata jiwe moja hapo. Mchoro wa mtu wa Milano umekuwa mali ya watu wa Mvita na wa bara lake.